Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Sare za Mashoga Zinavyowala Watoto Wetu Skuli



Leo hatuna mshono mpya wa kukuonesheni. Leo tuna ugomvi, na ugomvi wenyewe unaanzia kwetu sisi wenye cherehani.

Sisi ni mafundi watatu. Tulikutana kwenye kozi ya ushoni baada ya kumaliza kidato cha nne, tukacheza upatu, tukanunua cherehani mbili za kuanzia, na leo alhamdulillah tuna kijiduka chetu hapa mjini Unguja. Tunashona magauni ya biharusi, mabaibui, nguo za Idi, na tunashona sare. Sare ndizo zinazotulipia kodi ya duka. Kwa hiyo mtakapotusikia tunazisema, jueni kwamba tunajikatia riziki yetu wenyewe. Tumekaa tukalijadili hilo, na tumekubaliana liandikwe.

Kila mwaka inapokaribia mitihani ya kidato cha nne, masheikh, walimu na wazazi huwaambia watoto wa kike neno moja: chagueni marafiki wema. Ni neno la kweli. Lakini sisi tunaoshinda dukani, tunaowapima watoto hao kifua na kiuno, tunaosikia wanavyozungumza wakidhani fundi hana masikio, tunasema neno hilo tunalisema vibaya. Tunamtwika mtoto wa miaka kumi na sita mzigo ambao sisi wenyewe, na ndoa zetu na watoto wetu, hatujaubeba hata siku moja. Tunamwambia asifuate kundi, huku anatuona sisi tukilifuata kundi kila Ijumaa na Jumapili za harusi.

Gauni la nane

Mwaka jana walikuja wasichana wanane wa skuli moja. Walikuwa na sherehe yao wenyewe, baada ya mahafali ya skuli: wabadilishe yunifomu, wavae sare, wakate keki, waende Forodhani wapige picha jua linapozama. Walikuja na picha kwenye simu. Lesi ya rangi ya zambarau, bitana ndani, mkono mrefu, mkia kidogo nyuma. Nguo ya heshima, hakuna wa kuisema. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akizungumza, wengine wakiitikia. Wa mwisho, mwembamba, alikaa kwenye benchi karibu na mlango hajasema kitu. Tulipomuuliza, "Na wewe mwanetu, umeipenda?" alijibu, "Walivyosema wao tu."

Hesabu tuliiandika daftarini, na daftari bado tunalo. Lesi mita nne kwa elfu kumi na mbili, shilingi 48,000. Bitana mita nne kwa elfu tatu, 12,000. Mshono 30,000. Mtandio 8,000. Viatu, kwa sababu lazima vifanane, 20,000. Hina 10,000. Mchango wa keki na mpiga picha 15,000. Jumla shilingi 143,000 kwa mtoto mmoja, kwa jioni moja.

Siku ya pili jioni akaja mama wa yule mwembamba. Ni mama anayeuza maandazi asubuhi na mihogo ya kukaanga jioni. Akitoa unga, mafuta na kuni, siku njema inambakishia elfu tano. Pigeni hesabu wenyewe: ni takriban mwezi mzima wa kuamka saa kumi alfajiri, na hapo watu wa nyumbani wasile kitu. Alitusalimia vizuri, akafungua pindo la kanga, akatoa noti zimekunjwa kama karatasi za karanga. Lesi, bitana na mtandio alikuwa kashanunua kwa kukopa. Mshono akalipa nusu, elfu kumi na tano, akasema, "Dada zangu, nyengine nitakuleteeni kabla ya siku. Sitaki mwanangu aonekane peke yake."

Tukashona. Magauni saba yakachukuliwa. La nane likabaki kwenye msumari, na sisi tukawa tunaingoja elfu kumi na tano.

Siku ya sherehe ikapita. Baadaye mmoja wa wale saba alikuja kufupisha gauni alivae kwenye harusi ya shangazi yake, tukamuuliza mwenziwao yuko wapi. Akasema, "Hakuja. Alituma ujumbe anaumwa." Hakuja jioni Forodhani, na hata kwenye mahafali yenyewe ya skuli asubuhi, ambayo kila mtu alivaa yunifomu, hakuja. Aliona bora aonekane mgonjwa siku nzima kuliko ifike saa ya kubadilisha nguo yeye asiwe na ya kubadilisha.

Tulibeba lile gauni tukaenda nyumbani kwao. Tulisema tunamsamehe deni. Mtoto alitoka, akatupa shikamoo, akalishika lile gauni, akasema, "Ahsanteni, lakini siku imeshapita." Mama yake hakututukana. Akatuuliza tu kama linaweza kufumuliwa ashonewe mdogo wake gauni la Idi. Tukalifumua, tukalikata upya, likatosha na likabaki.

Hatukumuua mtu. Lakini kulikuwa na mtoto aliyesoma miaka yote hiyo, akakosa siku ya kupongezwa, na gauni lake lilikuwa mikononi mwetu limeshapigwa pasi. Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulikuwa humo nguoni.

Nani aliyewafundisha?

Wengi wataisoma habari hii waseme: watoto wa siku hizi hao, simu ndizo zilizowaharibu. Hapana, jamani. Sare za mashoga watoto hawakuzizua. Wamezikuta nyumbani.

Hebu tuhesabu harusi moja ya mjini. Sare ya siku ya hina. Sare ya siku ya nikaha. Sare ya siku biharusi anatoka. Sare ya walima. Upande wa mume wana yao, upande wa mke wana yao, mashoga wa biharusi wana yao, na wafanyakazi wenzake wana yao. Mtoto wa miaka saba anamuona mama yake anatoa pesa za kibubu kununua kitambaa atakachovaa mara moja. Anamsikia anasema kwenye simu, "Nitafanyaje, nisipotoa watanisema." Maneno hayo, nitafanyaje nisipotoa watanisema, ndiyo somo la kwanza la mtoto kuhusu marafiki. Kalisoma kabla hajajua kuandika jina lake. Halafu akifika kidato cha pili tunamwita tunamwambia: mwanangu, usifuate mkumbo.

Tuna methali yetu, wengi wape. Tunaipenda, na mahali pake ipo: penye kuamua njia ipite wapi au kisima kichimbwe wapi, wengi wape. Lakini tumeitoa hapo tumeipeleka mpaka kwenye mkoba wa mama wa maandazi. Wengi wanataka zambarau, wape. Wengi wanataka keki, wape. Kesho wengi wanataka kutoroka kipindi cha hesabu, wape pia? Mtoto tuliyemzoesha kuwapa wengi kila wanachotaka atajuaje siku ya kuwanyima?

Na msituambie kitambaa ni jambo dogo. Mtoto anayehitaji shilingi 143,000 na nyumbani hakuna, yupo mtu mzima mwenye gari anayemuangalia. Anajua mwezi wa mahafali, anajua wiki ya Idi. Hamuulizi mtoto mapenzi, anamuuliza, "Umebakiwa na ngapi?" Tumekaa dukani, tumewaona wasichana wakija na noti mpya ambazo hawawezi kusema zimetoka wapi, na tumezipokea, na tumewapa risiti. Mama mwenye kusema "ni sherehe ya siku moja tu" aliwaze hilo kwanza. Siku ni moja, lakini deni lake mtoto anaweza kulilipa kwa kitu kisichorudi.

Rafiki mwema ni nani hasa?

Hapa ndipo tunapogombana na mawaidha tuliyoyazoea. Tukisema "marafiki wema", tunamaanisha wasichana wanaojifunga vizuri, wanaoswali, wasiotembea na wavulana. Sawa. Wale wanane wote walikuwa hivyo. Mitandio imeshuka mpaka mapajani, adhuhuri ikiadhiniwa wanatuomba msala. Ukiwatazama kwa macho utasema kundi hili mwanangu na aingie. Na kundi hilohilo ndilo lililomuacha mwenzao akajifanya mgonjwa, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumjulia hali. Kama kweli mliamini anaumwa, mbona hamkwenda kumtazama? Na kama hamkuamini, mbona hamkuuliza?

Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kudharauliana, na hakuishia kwa kusema watu kwa jumla. Amewataja wanawake peke yao, kwamba wasiwadharau wanawake wenzao, kwani huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Tujiulize kwa nini tukatajwa peke yetu. Sisi mafundi, tunaowasikia wanawake wakizungumza mbele ya kioo, jibu tunalo.

Na katika Suratul Furqan, aya ya 27 mpaka ya 29, tumeelezwa habari ya mtu atakayeuma mikono yake Siku ya Kiyama akijuta kumfanya fulani rafiki. Wengi wa wafasiri wanamtaja Uqba bin Abi Mu'ayt wa Makka. Alikuwa amesogea kwa Mtume (S.A.W.), rafiki yake akasikia, akamkasirikia, akamwambia baina yetu basi mpaka ujitenge naye. Uqba akamuudhi Mtume ili asimpoteze rafiki. Tazameni vizuri: silaha ya yule rafiki ilikuwa ndogo tu, sitosema nawe. Ni silaha ileile inayotumika leo kwenye madawati ya nyuma na kwenye makundi ya simu: tutakutoa kwenye grupu. Mtu mzima wa Makka, mwenye kabila na mali, ilimuangusha. Mtoto wako wa kidato cha tatu unamtaka aishinde kwa mawaidha ya dakika tano?

Kwa hiyo sisi tunasema, mwanamke akitaka kulijua kundi la mwanawe, asitazame mtandio peke yake. Aulize mambo matatu. La kwanza: katika kundi hilo, mwenye kidogo kuliko wote anasema wakati gani? Kama anasema wa mwisho, au hasemi kabisa, hilo si kundi la urafiki. La pili: mmoja akisema hapana, kunatokea nini? Wanamuuliza sababu au wanamcheka? La tatu: mmoja asipokuja, nani anakwenda kumtazama? Mtume (S.A.W.) alimfananisha rafiki mwema na mwenye miski, kwa mujibu wa hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Ukikaa naye akupe, au ununue kwake, au angalau upate harufu nzuri. Hakusema mwenye miski anakudai mchango kabla hujakaa.

Tuliyoyafanya sisi wenyewe

Msidhani tunahubiri kutoka juu. Wawili kati yetu tulisoma skuli moja, na tulikuwa na kundi. Tulikuwa watano. Urojo tulikula sahani moja, siri zetu zilikuwa moja, na tukaweka sheria kwamba kila Idi tunavaa kitambaa kimoja tukienda Mnazi Mmoja kwenye viwanja vya sikukuu. Mwaka mmoja, mwenzetu mmoja alisema mama yake hana. Baba yake alikuwa kashafariki, nasi tulijua, tulikuwa tumekwenda matangani kwao. Tulimjibu nini? Tulimwambia, "Basi ukija usisimame nasi kwenye picha, utaharibu rangi."

Tulikuwa na miaka kumi na saba. Si udhuru.

Hakuja, na urafiki ukafa polepole bila ya ugomvi, kama uzi unavyochomoka kwenye pindo. Miaka ikapita. Tukasikia kaolewa, tukaona picha kwenye simu ya mtu mwengine. Tulikasirika hasa! Vipi asitualike sisi tuliokaa naye dawati moja? Siku moja tukakutana naye Darajani, kabeba mtoto mgongoni, akatusalimia kwa furaha ya kweli. Mmoja wetu hakujizuia, akamuuliza. Akacheka, akasema, "Sikukualikeni kwa sababu nilijua swali lenu la kwanza lingekuwa sare rangi gani. Na mimi harusi yangu kila mtu alikuja na nguo yake."

Tulirudi dukani hatuna la kusema. Tulitaka kumuomba radhi palepale, tukaona haya ya watu sokoni. Tulimuomba baadaye, kwa simu, akasamehe. Lakini tulikosa harusi yake, na yeye alikosa miaka ya marafiki. Hilo halifumuliki likashonwa upya.

Mtatuambia

Mtatuambia sare inaleta umoja. Tunajibu: yunifomu ya skuli inaleta umoja, kwa sababu tajiri na maskini wanavaa nguo ileile mwaka mzima na hakuna anayeichagua kwa kumzidi mwenziwe. Visiwa hivi vilitangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964 ili mtoto wa mvuvi na mtoto wa mwenye duka wakae dawati moja. Wazee wetu waliondoa ada mlangoni. Sisi tumeirudisha kwa mlango wa nyuma, kwa lesi. Umoja unaomuacha mtu nje kwa sababu ya elfu kumi na tano si umoja, ni kiingilio.

Mtatuambia mtoto atajihisi vibaya akiwa peke yake. Ni kweli, atajihisi vibaya. Ndiyo maana hatusemi awe peke yake. Mwalimu mmoja mteja wetu, siku anangoja kupimwa, alitusimulia majaribio aliyoyafanya mtaalamu Solomon Asch huko Marekani katika miaka ya 1950. Aliwakalisha watu pamoja, akawaonesha mistari, akauliza upi una urefu sawa na huu. Jawabu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa wajibu vibaya. Yule mmoja, asiyejua kitu, akisikia wenziwe wote wanasema kosa, mara nyingi naye alisema kosa, na takriban thuluthi ya majibu yalifuata kundi. Lakini alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli kabla yake, kufuata mkumbo kulipungua sana. Mmoja tu!

Basi mtoto wako hahitaji kulishinda kundi la wanane. Anahitaji mwenzake mmoja wa kusema naye, "Na mimi sina." Katika wale wanane, tuna yakini hakuwa mmoja aliyekuwa hana. Wawili wengine walilipa kwa vipande vipande. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Wangekuwa watatu, wangenyanyua midomo yao pamoja, na zambarau ingekuwa historia.

Na mtatuambia: nyinyi mafundi, si ndiyo riziki yenu? Ndiyo. Ndiyo maana tumebadilisha tunavyofanya kazi kabla hatujakuandikieni.

Tunavyofanya sasa

Dukani kwetu hatupokei tena sare ya wanafunzi mpaka waje wote, na tunawakalisha wote kwenye benchi. Tunampa kila mmoja kikaratasi, bila ya jina, aandike pesa anayoiweza. Tunavikusanya, tunavisoma wenyewe, na kiwango cha chini kabisa ndicho tunachotangaza. Hakuna anayejua ni cha nani. Kisha tunawaambia, kwa pesa hii mnaweza mtandio wa rangi moja, na kila mmoja avae gauni lake. Kuna waliokasirika wakaenda kwa fundi mwengine. Kundi moja lilichagua mitandio ya kijani, nasi tukawadarizia ncha bure. Hatukupata faida siku ile. Walikwenda wote, hakubaki mtu nyumbani.

Nguo zisizochukuliwa hatuziachi kwenye msumari zikingoja deni. Tunamwita mwenyewe kabla ya siku, avae, deni litalipwa Mungu akipenda. Na tumeweka kamba ya nguo za kuazima, magauni sita sasa hivi, mengine tumeletewa na mabiharusi wetu. Anayeazima jina lake halisemwi.

Nyinyi mama zetu, tunakuombeni jambo moja la ziada. Mpeni mtoto ruhusa ya kulitumia jina lenu. Ajue anaweza kuwaambia wenziwe, "Mama kakataa," na lawama zote zikaangukia kwako. Wewe una mabega, yeye bado. Na ukatae kweli, ili asije akawa muongo. Halafu siku moja yeye akuone wewe unaikataa sare ya harusi mbele yake, uende na gauni lako la mwaka juzi, ukae mbele, ule biriani yako kwa furaha. Hilo atalikumbuka kuliko mawaidha.

Nyinyi walimu, yunifomu iliyofuliwa na kupigwa pasi inatosha kwa mahafali mpaka mwisho wa picha. Semeni hivyo wazi, na semeni mapema, kabla vitambaa havijanunuliwa.

Na nyinyi mabiharusi wetu, nyinyi ndio wenye nguvu kuliko wote, kwa sababu siku ile neno lenu linafuatwa. Kaeni na orodha yenu ya mashoga. Tafuteni jina ambalo halimo. Yule mliyekaa naye dawati, aliyekuandikieni notsi mlipoumwa, mkapotezana kwa sababu ya kitambaa. Mpigieni leo, msingoje kadi zichapwe. Mwambieni, "Shoga, njoo na nguo yako yoyote nzuri." Kisha rudieni maneno hayohayo kwa wote. Kama kuna atakayekataa kuja kwa sababu hakuna sare, basi mmeshajua alikuwa anakuja kuangalia nini.

Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratul Zukhruf, aya ya 67, kwamba siku hiyo marafiki wapenzi watakuwa maadui wao kwa wao, isipokuwa wachamungu. Tunamuomba atujaalie tuwe katika hao waliotolewa. Na yule mtoto wa gauni la nane, kama iko siku atayasoma haya: mwanetu, tulikosea. Siku yako ya nikaha, Mungu akiijaalia, njoo na kitambaa tu. Mshono wake umeshalipwa.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo inshaAllah.